Asiyekutazama machoni si mwizi: dalili za kuangalia unapomsaili mtu wa dukani

SWALI: Nina duka la pembejeo Uyole, Mbeya, na mwezi wa kumi nafungua tawi Igurusi. Nahitaji mtu mmoja wa kushika stoo na kaunta, kwani mimi sitakuwepo kila siku. Niliyemwajiri mwaka jana alijieleza vizuri mno kwenye usaili, lakini baada ya miezi mitatu nikagundua mifuko ya mbolea ya UREA imetoka mali kauli, yaani kwa mkopo wa maneno tu, kwa watu nisiowajua. Sasa nina waombaji watatu. Wa kwanza ni kijana wa Rungwe, muda wote aliinamisha kichwa. Kaka yangu anasema asiyekutazama machoni ni mwizi. Wa pili ana diploma ya kilimo na hakuna swali lililomshinda. Wa tatu ni dada aliyefanya kazi sehemu tatu ndani ya miaka miwili, na amekuja na barua ya mchungaji wake. Niangalie dalili zipi ili yasinikute tena yaleyale?

JIBU: Dada yangu wa Uyole, tuanze na kaka yako, maana ushauri kama wake ndio unaotolewa sana na ndio unaowanyima kazi watu wengi wazuri. Kijana aliyelelewa Rungwe, Makete au Kilolo amefundishwa tangu utotoni kwamba mbele ya mkubwa macho yanashuka. Ukimkalisha ng'ambo ya meza ukaanza kumhoji, atafanya alichofundishwa kwao: atainama, atajibu kwa sauti ya chini, na salamu yake itakuwa ndefu kuliko jibu lake la kwanza. Hiyo ni adabu. Ukiihesabu kuwa ni hatia, utabakiwa na waliokulia mjini na waliosoma mahali kwamba mwajiri hupenda kutazamwa usoni.

Hata ukiacha habari za malezi, macho ni shahidi dhaifu popote pale. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Charles Bond na Bella DePaulo, walikusanya pamoja matokeo ya tafiti nyingi ambamo watu walitakiwa kubaini nani anasema kweli na nani anadanganya, kwa kumtazama na kumsikiliza tu. Kwa wastani walipatia mara 54 katika kila 100. Ukirusha shilingi hewani utapata 50. Wala wale ambao kuhoji watu ndiyo kazi yao, polisi wakiwemo, hawakuwazidi watu wa kawaida. Kwa hiyo jasho, kutetemeka, kumeza mate na kuchezea kalamu viweke kando. Huenda mtu amepanda gari alfajiri kutoka Tukuyu, hajatia kitu tumboni, na nyumbani wanasubiri simu yake. Aliyezoea kupiga hela za maduka ya watu ndiye asiye na sababu ya kutetemeka, maana hiyo meza ameshaikalia mara nyingi.

Dalili yenye uzito iko kwenye namna mtu anavyoisimulia kazi aliyokwisha kuifanya. Mwambie: "Nieleze mara ya mwisho mlipohesabu stoo pale ulipokuwa. Ilikuwa saa ngapi, nani alihesabu, nani aliandika, mkakuta nini?" Kisha nyamaza. Aliyekuwepo atakwambia walifunga duka mapema siku hiyo, mifuko ya mbolea ya DAP ilikuwa imepangwa kumi kumi juu ya mbao, mmoja wa chini ulikuwa umeshika maji ukaganda, bosi akagomba, ukaandikwa pembeni. Atachanganya tarehe, atarudi nyuma kujisahihisha. Yasikutie shaka hayo, kumbukumbu za kweli hazijapigwa pasi. Ambaye hakuwepo, au alikuwepo lakini hashughuliki, atakujibu kwa maneno ya kwenye mabango: "Tulikuwa tunahakikisha stoo inakaa sawa muda wote, tunazingatia taratibu." Mrudishe chini kwa upole: taratibu gani? Leja ilikuwa inakaa wapi? Ufunguo ulikuwa kwa nani? Akiulizwa mara tatu, na mara zote tatu akapanda juu kwenye maneno makubwa asishuke mpaka kwenye mfuko na daftari, andika hiyo kwenye karatasi yako.

Usiharakishe kumhukumu anayesema "tulifanya, tulipanga, tuliuza" bila kujitaja. Huku kwetu anayejisifia "mimi, mimi" huonekana hana malezi, na wengi hujificha ndani ya wenzao kwa unyenyekevu. Swali moja linatosha: "Katika hayo, wewe mwenyewe mikono yako ilishika nini?" Mnyenyekevu atashusha pumzi na kukutajia: "Mimi nilikuwa napokea mzigo na kusaini delivari." Mwenye kupamba atakuongezea sentensi nyingine ya "tulifanya".

Hapo ndipo penye tatizo la mwombaji wako wa pili. Hakuna swali lililomshinda, unasema. Mimi hilo lingenifanya nimuulize zaidi. Kazi ya duka la pembejeo ina mambo yanayomshinda kila mtu: mzigo umechelewa na wakulima wamepanga foleni, mashine ya EFD ya kutolea risiti imegoma, namba ya mkulima wa mbolea ya ruzuku haionekani kwenye mfumo na mwenyewe ametoka mbali kwa baiskeli. Muulize siku iliyomwendea vibaya kazini. Mtu mzima anayo moja na ataisimulia, hata kama ataipunguza makali. Akikwambia hajawahi kuwa na siku hiyo, au akakupa lile jibu la kukaririwa kwamba udhaifu wake ni kupenda kazi kupita kiasi, basi hujaongea naye bado. Umeongea na maandalizi yake. Endelea kuuliza mpaka yatakapokwisha.

Na diploma ihakikiwe. Sisemi kwamba ni ya bandia. Nasema kuhakiki ni jambo la kawaida, na aliyeisotea haoni taabu. Serikali yenyewe ilipowahakiki watumishi wake, taarifa iliyotolewa Aprili 2017 ilionyesha watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na hao walikuwa wameshapita kwenye meza za usaili zenye wajumbe kadhaa na mihuri. Wewe una meza moja na kaka yako. Kwa kidato cha nne, chukua namba ya mtahiniwa na mwaka, fungua tovuti ya Baraza la Mitihani, linganisha alama moja moja na zilizo kwenye cheti. Jina halionekani pale, kwa hiyo linganisha pia jina la cheti na kitambulisho cha NIDA. Majina yakipishana muulize, huenda ni la ubatizo au la ndoa, na hati ya kiapo itaonyesha. Kwa diploma, wapigie ofisi ya taaluma ya chuo husika. Tazama vyeti halisi, piga nakala, mrudishie mwenyewe siku hiyohiyo. Waajiri wanaofungia vyeti vya watu kwenye droo kama dhamana wanajua wenyewe wanaogopa nini, lakini cheti kilichofungiwa hakijawahi kurudisha mfuko wa UREA dukani.

Kinachonitia shaka zaidi kwenye karatasi ni tarehe. Pengo si tatizo. Kijana akikwambia miezi minane alikuwa nyumbani analima, muulize heka ngapi, mbegu gani, alipandia nini, alikuzia nini, alivuna magunia mangapi. Kama alilima kweli atakujibu bila kupumzika, na kwa duka la pembejeo umepata mtu ambaye mteja wa Igurusi atamwelewa. Wengine walikuwa wanauguza mzazi. Wengine kazi ilikosekana tu, jambo la kawaida kabisa. Tatizo ni pengo lililofunikwa: wasifu unasema alikuwa duka fulani mpaka Desemba, mdomo unasema aliondoka wakati wa mavuno, aliyekuwa bosi wake anasema hajamwona tangu Pasaka. Uliza tarehe mwanzoni mwa maongezi, uulize tena karibu na mwisho kwa njia nyingine, mfano: "Msimu wa kupanda uliopita ulikuwa wapi?" Watu husahau mwezi, lakini msimu hawausahau.

Tuje kwa aliyekuumiza mwaka jana. Nitakwambia usilopenda: usaili peke yake usingemkamata, na huenda hakuja na nia ya kukuibia. Alikuwa peke yake kaunta, mkulima anamlilia, leja haikaguliwi, utaratibu wa kukopesha haujaandikwa popote. Mali kauli ndiyo uhai wa biashara ya pembejeo mabondeni. Mpunga unadai mbolea ya kukuzia wakati mfuko wa mkulima umekauka, na atalipa akivuna. Atakayekaa Igurusi ataombwa kila siku. Kwa hiyo ungempa jambo lenyewe kabla ya kumpa ufunguo: "Ni mwezi wa pili. Anakuja mkulima unayemfahamu, mwaka jana alilipa vizuri. Anataka mifuko minne ya UREA mali kauli. Mimi nimepanda basi kwenda Dar, simu haipatikani. Unafanyaje?"

Sikiliza vizuri hapa, maana jibu linaloonekana zuri mara nyingi ndilo jepesi. Anayerukia "Simpi hata mfuko mmoja, bosi!" anakupa anachodhani unataka kusikia. Msogeze kidogo: "Ni mjomba wako, na mpunga umeshaanza kuwa wa njano." Wengine hapo hapo wanalegea: "Kwa mjomba naweza kuangalia namna." Umeshaona mlango ilikotokea mifuko yako. Mwingine atakuuliza wewe: "Duka lina utaratibu gani wa kukopesha? Kuna kiwango ninachoruhusiwa?" Huyo mpe alama kubwa. Na yupo atakayesema atampa mmoja, ataandika kwenye daftari la madeni, atamsainisha na kukutumia ujumbe hata kama huupati saa hiyo. Unaweza usikubaliane naye, lakini hesabu hujafichwa, na kinachokufukarisha ni kinachofichwa. Anayenitisha ni yule anayetoa jibu moja mjomba asipokuwepo, na jibu jingine mjomba akitajwa, kisha akana kwamba amebadilisha.

Kuna swali jingine ningeliuliza kwa sababu ya bidhaa unazouza. "Mama mmoja anataka dawa ya magugu ya elfu mbili tu, amekuja na chupa ya soda, anaomba umpimie." Wengi wameona likifanyika madukani tangu utotoni, kwa hiyo anayejibu "nampimia" usimfukuze papo hapo. Mweleze kwamba chupa haina lebo, itawekwa dirishani, na mtoto atainywa. Sasa mtazame. Akishtuka na kuuliza basi mteja huyo asaidiweje, anafundishika. Akibisha kwamba wateja ndivyo wanavyotaka na duka la jirani wanafanya, usimwajiri, awe na diploma au asiwe nayo. Hilo ndilo jambo pekee katika barua yangu yote ambalo halina mjadala kwangu.

Dada wa kazi tatu. Watu wengi wangemtupa kando kwa namba hiyo tu. Mimi ningetaka kujua kwanza kazi zilikuwa za aina gani. Maduka ya pembejeo, mashine za mpunga na maghala ya viazi huajiri kwa msimu. Mzigo ukiisha, mtu anaambiwa asubiri mwakani. Hizo ni ajira tatu zilizokwisha zenyewe. Muulize kila moja iliishaje na nani alitamka neno la mwisho. Akisema bosi wa kwanza alikuwa mkali, wa pili hakuwa anaelewa, wa tatu mke wake alikuwa na wivu, na katika visa vyote vitatu yeye hana alichokosea hata kidogo, basi mwakani utakuwa wa nne kwenye orodha. Akilalamika kuhusu bosi mmoja, kwa jambo linaloelezeka, msikilize kwa haki. Kutolipwa mshahara miezi miwili ni jambo linalotokea hapa hapa kwetu, na anayelisema hajakosa nidhamu. Swali la kufuatia ni "Wewe ulifanyaje?" Mmoja atasema alimwomba bosi mara kadhaa, akaandika barua, mwisho akaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi. Wapo waajiri wanaolisikia jina la Tume na kufunga faili. Mimi namwona mtu aliyefuata njia badala ya kujilipa mwenyewe kutoka kwenye droo. Anayekwambia kwa kicheko "nilijua pa kufidia" amekumalizia usaili.

Muulize pia kama anacho cheti cha utumishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti hicho ajira inapokoma. Ila wenye maduka madogo wengi hawatoi, kwa hiyo akikosa usimlaumu yeye.

Barua ya mchungaji ipokee kwa heshima na uiweke chini ya nyingine. Mchungaji anamjua kwaya, hamjui kaunta. Barua ya mwenyekiti wa mtaa itakwambia anakaa wapi na wazazi wake ni akina nani, nayo ina faida siku ukimtafuta, lakini haisemi lolote kuhusu leja. Kwa kazi unayotaka, watu wa kuwauliza ni waliowahi kumkabidhi bidhaa au fedha. Mwombe ruhusa kwa maandishi kabla ya kuwapigia, hata mistari miwili na saini. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, taarifa za mtu si za kuchezea. Halafu namba ya simu usichukue ile aliyokuandikia peke yake. Tafuta iliyo kwenye bango la duka au kwenye risiti yao, au mtume mtu wa Igurusi au Rujewa apite dukani. Hadithi ya "bosi wa zamani" ambaye ni binamu aliyeazima sauti nzito kila mwajiri anaijua.

Ukimpata bosi wa kweli, usimuulize "Alikuwa mtu mzuri?" Kila mtu atasema ndiyo ili amalize simu. Muulize alikuwa anashika nini, aliondoka lini, na kama leo angekuwa na nafasi angemrudisha. Sikiliza kabla ya jibu. Anayesema "ee, hata kesho" hasiti. Anayevuta pumzi kisha akasema "alikuwa mchapakazi, sina neno baya" huenda analo. Lakini naye mpime: wapo wanaosifia wanayetaka aondoke, na wapo wanaochafua aliyewadai haki yake. Ndiyo maana nataka simu mbili, kutoka kwa watu wasiojuana.

Sasa vitu ambavyo usiviulize kabisa. Najua usaili wa madukani ulivyo. Kabla msailiwa hajakaa vizuri ameshaulizwa kabila, dhehebu, ameolewa au la, ana mpango wa kuzaa lini. Sheria hiyohiyo ya 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa misingi ya kabila au mahali mtu anakotoka, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, umri, na hali ya maambukizi ya VVU, na ulinzi huo unamhusu pia anayeomba kazi, siyo aliyekwisha kuajiriwa tu. Kama unachohofia ni msimu, uliza kuhusu msimu, na uwaulize wote watatu kwa maneno yaleyale: "Novemba mpaka Februari tunafungua saa moja asubuhi, Jumamosi pia. Kuna kitakachokuzuia?" Na ule utani wetu wa Mnyakyusa na Mhehe na Mkinga uache msibani na harusini unakopendeza. Ukiuingiza kwenye usaili utajikuta unamsamehe "mtu wa kwetu" jibu ambalo kwa mwingine ungeliita dalili ya hatari.

Jambo moja linalodhaniwa kuwa dalili na si dalili: kuuliza mshahara. Mtu akiuliza atalipwa kiasi gani, lini, na kama Jumapili ni mapumziko, wengi husema huyu ana tamaa. Kwani amekuja kufanya nini? Sheria imeweka saa 45 kwa wiki kuwa kikomo cha kawaida, zaidi ya hapo ni muda wa ziada wa kulipwa, na anayelijua hilo atakuwa pia anajua mashine ya EFD si pambo. Ninayemwogopa ni yule anayesema "nilipe chochote tu bosi". Mtu hawezi kuishi Igurusi kwa chochote. Tofauti ataitafuta mahali, na mahali penyewe ni kaunta yako.

Yote haya ni maneno, na maneno yana kikomo. Kwa mtu wa stoo ningewaita wote watatu, kila mmoja siku yake, kwa nusu siku ya kazi halisi dukani Uyole, na kila mmoja ningempa posho ya siku hiyo. Asubuhi mwache akae kaunta na kijana wako wa siku zote, halafu baadaye muulize huyo kijana jinsi alivyosalimiwa, jinsi alivyoagizwa, na kama yule mgeni alishika mfuko au alisimama akiangalia wapagazi. Namna mtu anavyoongea na mbeba mizigo wakati wewe hupo ndivyo atakavyoongea na mkulima wa Igurusi wakati wewe upo Uyole.

Mchana mpe jaribio la leja. Chukua kadi ya stoo ya bidhaa moja, tuseme DAP ya kilo 50. Ionyeshe mifuko 40 imepokelewa, 27 imeuzwa, salio 13. Rafuni weka 11. Mpe kadi, kalamu na karatasi tupu, mwambie: "Nihesabie hii DAP uniandikie salio", kisha toka. Nje ya hapo usiseme kitu. Wapo watakaohesabu 11, wakaangalia kadi, wakahesabu tena, wakaja kukufuata: "Mama, kadi inasema 13, mimi naona 11, kuna iliyohamishiwa mahali?" Mtu wa namna hiyo hata kama hakukutazama machoni mwanzo hadi mwisho wa usaili, una mtu wa stoo. Wapo watakaoandika 11 na kunyamaza. Hao muulize kwa nini hawakusema. Wengi watajibu waliogopa kuonekana wanakutuhumu, na hilo linarekebishika kwa kuwaambia kwamba unataka kuambiwa. Na wapo watakaoandika 13. Wameona 11 kwa macho yao, wakaandika 13 kwa sababu kadi imesema hivyo, ili karatasi ipendeze na siku iishe. Wala hawajaiba. Lakini ukimwacha mtu huyo Igurusi, kila mwisho wa wiki utapokea karatasi iliyo sawa na stoo isiyo sawa, na hutajua mpaka msimu uishe. Diploma ya kilimo haitibu hilo.

Kuhusu kuamua: maswali yawe yaleyale kwa wote, kwa mpangilio uleule, na kila jibu lipate alama kati ya 1 na 5 palepale kabla hujamwita anayefuata. Kaka yako akiwepo, aandike zake kwenye karatasi yake, msiongee mpaka wote wawili mmemaliza. Mkubwa akishatamka "huyu simpendi" mwingine huanza kutafuta sababu za kumuunga mkono. Mwaka 1998 watafiti Frank Schmidt na John Hunter walichambua tafiti za miaka 85 kuhusu kuchagua wafanyakazi, wakakuta usaili wa maswali yaliyopangwa unabashiri utendaji wa mtu vizuri kuliko maongezi ya hivi hivi. Paul Sackett na wenzake walipozirudia hesabu hizo mwaka 2022 namba nyingi zilishuka, lakini usaili wa mpangilio ndio ulioibuka juu ya njia zote. Nimeona waajiri wakikwepa hili kwa kusema duka ni dogo. Duka dogo ndilo lisilo na akiba ya kubeba mtu asiyefaa.

Kwa uliyonieleza, bado hujanipa sababu hata moja ya kumkataa kijana wa Rungwe, wala ya kumkubali. Waite wote watatu upya. Wa diploma apewe maswali ya kushuka chini, dada apigiwe simu zake mbili, kijana akalishwe upande mmoja wa meza na wewe badala ya kukabiliwa, aanze kwa kuonyeshwa stoo ndipo aulizwe. Utashangaa sauti ilivyokuwa imejificha. Utakayemchukua mpe maandishi yanayoonyesha kazi yake, mshahara, saa za kazi na kipindi cha majaribio. Kanuni za mwaka 2007 zinataka kipindi hicho kisizidi miezi 12. Kwa stoo ya Igurusi miezi mitatu ya msimu inatosha kukuonyesha. Kiwango cha mali kauli kiandikwe humohumo, hata kama ni sifuri. Wiki mbili za kwanza hesabu stoo pamoja naye kila jioni, baadaye mara moja kwa wiki siku asiyoitarajia, na laini ya simu inayopokea malipo ya wateja iwe imesajiliwa kwa jina lako.